Aliyempiga Mtani

Katika nchi ya Nachingwea mwanamume anaweza kumpiga mke wake mbele ya watu, na wazee wakakaa chini kumtafutia udhuru. Anaweza kumpiga mtoto wa jirani au mbwa wa jumbe, na udhuru ukapatikana kabla jua halijazama. Lakini anayempiga mtani msibani hana udhuru, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuuhitaji. Amiri, kijana wa miaka kumi na sita, aliuhitaji siku aliyozikwa baba yake.

Mtani mwenyewe alikuwa Mwanabibi, mfinyanzi wa pale pale Naipingo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Ukoo wake na ukoo wa marehemu Chinguile walikuwa watani tangu mababu, na kazi ya mtani penye kifo inajulikana: achimbe kaburi, ateke maji, kisha amwigize marehemu mpaka waliofiwa wacheke, wapende wasipende. Basi watu waliporudi kutoka makaburini, Mwanabibi aliingia uani amevaa koti la kaki la Chinguile na kofia ambayo marehemu alikuwa akienda nayo kazini kwenye mradi wa karanga. Alikohoa kikohozi cha Chinguile. Akapanda juu ya kinu kilicholazwa, akakifanya tingatinga, akazungusha usukani ambao haukuwapo na kunguruma kwa midomo. Tingatinga likazimika. Akashuka akalipiga teke, likakataa. Ndipo akawageukia wanawake na kusema kwa sauti ya marehemu, "Zaina, mke wangu, lete huo uji niumwagie mtambo wa Wazungu. Labda nao una njaa."

Watu walicheka, maana kila mtu alikuwa amewahi kumwona Chinguile akibembeleza mtambo ule kama mtu anayembembeleza mke aliyenuna. Wazee walicheka ndani ya viganja, kwa adabu. Na Zaina mjane, ambaye hakuwa amenyanyua uso tangu alfajiri, alicheka mpaka kanga ikamwanguka kichwani.

Hicho ndicho Amiri alichokiona. Koti hakuliona, wala kofia. Alimwona mama yake akicheka, na udongo wa kaburi ungali kwenye kucha zake yeye. Alivuka ua akampiga Mwanabibi ngumi ya mdomo. Mwanamke akaanguka juu ya kinu, na alipoinuka jino la mbele halikuwapo.

Watani walikusanya majembe yao na ndoo zao, wakaondoka kabla ya chakula. Wali ulibaki kwenye masinia, na waliobaki nao hawakuona aibu kuumaliza.

*

Kwa watu wa huko mtoto ni wa mjomba. Baba huzaa, mjomba huamua. Mjomba wa Amiri aliitwa Bashiri, kaka yake Zaina, mkazi wa Ruangwa, mwenye baiskeli na tumbo na desturi ya kusafisha koo kabla ya kusema jambo lolote, hata kuomba chumvi. Jioni ile alisafisha koo, akaeleza kwamba hasira ya kijana ni kama mti mbichi na dawa yake ni kuukunja. Akatuma fimbo ikatwe.

Alimchapa Amiri nyuma ya nyumba kwa utaratibu, akipumzika kila alipochoka, na kila alipopumzika alieleza jinsi yeye mwenyewe alivyochapwa na akawa mtu. Amiri hakulia. Alitazama mkono wa mjomba ukipanda na kushuka, akawaza jinsi ya kuuvunja, na wazo lile likamtisha kuliko fimbo. Alitaka kumwambia mtu. Aliyekuwa karibu alikuwa na fimbo.

Baada ya hapo Bashiri aliletewa supu ya kuku, akatoa hukumu akiwa na paja mdomoni. Kijana atapewa muda mpaka siku ya arobaini ya baba yake. Akipoa, atabaki na mama yake. Asipopoa, mjomba atamchukua, ampeleke Kilimarondo kwenye shamba lake la mihogo, akalinde peke yake juu ya dungu msimu mzima, tembo na nguruwe wamfundishe utulivu.

Zaina aliuliza kwa sauti ndogo nani basi atalima shamba la hapa, maana mtoto mwingine aliyebaki alikuwa Hajira tu, msichana wa miaka minane.

"Dada," alisema Bashiri, "unamlilia mlimaji au unamlilia chui uliyemzaa?"

Zaina aliokota mifupa ya kuku akaitoa nje.

*

Amiri aliichukia Kilimarondo kabla ya kuiona. Hata hivyo si tembo waliomtoa nyumbani kwenda kutafuta dawa. Siku chache baada ya msiba alirudi kutoka shambani mapema, akakuta mama yake amepiga magoti kando ya kitanda, anasukuma panga na shoka uvunguni. Mchi wa kinu nao ulikuwa humo humo. Zaina alishtuka, akasema anafagia. Hakuwa na ufagio.

Kijana alitoka akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Abdalah, aliyefundisha watoto Kurani na kuandika kombe kwa wagonjwa. Alimkuta barazani akiwa na mgeni. Akamweleza kwamba ana hasira zinazomfunga macho, na kwamba zikija hajui mkono unafanya nini mpaka umekwisha kufanya. Alikuwa na mengine ya kusema. Mwalimu aliinua kiganja kumnyamazisha, akauliza kama amekuja na kuku.

Amiri alirudi kesho yake na jogoo. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, akampa anywe. Maneno yale ni matukufu, na kosa halikuwa lao. Lakini aliyeyaandika alikuwa na jicho moja kwenye sahani na jingine kwenye jogoo, na kijana alipofungua mdomo kueleza kile alichokiona uvunguni mwa kitanda, Mwalimu alikuwa amekwisha kusimama kumfunga jogoo mguu.

Kombe lilimtuliza mpaka adhuhuri. Alasiri alipigana na mchunga mbuzi.

Akaenda mjini Nachingwea kwa dresa wa zahanati, kijana aliyevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, Gaudens jina lake. Gaudens alikuwa na chupa tatu rafuni na Kiswahili cha kutosha chupa hizo. Amiri alisimama foleni na wenye vidonda na wenye homa. Zamu yake ilipofika alisema, "Naumwa hasira."

"Zinauma wapi?"

Amiri alifikiri kwa makini, maana swali lilikuwa la kwanza kuulizwa tangu siku ya msiba. Akaweka mkono chini ya kifua. "Zinaanzia hapa."

"Tumbo," alisema Gaudens, akaandika. Akamimina kikombe cha haluli, dawa ya kuharisha. Foleni nzima ilijua haluli ni nini, na mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu akamwusia kijana asipite njia yenye watu. Amiri alikunywa. Alirudi Naipingo akiingia vichakani na kutoka, na kila alipotoka alikuwa na hasira zile zile, ila sasa miguu haikuwa na nguvu ya kuzibeba.

Siku ile alipofika uani, Hajira alikuwa akimletea maji ya kunawa, akajikwaa, kata ikamwagika miguuni pa kaka yake. Amiri aliinua mkono. Hakuushusha. Lakini msichana alikuwa amekwisha kuchuchumaa na kufunika kichwa kwa mikono miwili, kwa ustadi, kama mtu aliyekuwa akijizoeza jambo hilo peke yake.

*

Mwanabibi alikuwa akichoma vyungu nyuma ya nyumba yake alipomwona yule kijana amesimama ng'ambo ya moshi.

"Umefuata la pili?" alimwuliza, akafunua mdomo kumwonyesha meno yaliyobaki. Pengo lilikuwa katikati kabisa, na maneno yalipita hapo kwa mlio.

Amiri alisema amekuja kuomba radhi. Mwanabibi akataka kujua ametumwa na nani, maana alimjua Bashiri, na radhi ya Bashiri hata mbwa hangeinusa. Kijana alisema hakutumwa. Kisha akasimama tu. Mwanabibi alichochea moto, akageuza chungu, akamwona bado yupo.

"Una nini tena, Bwana Ngumi? Nikupe na ulimi?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Huu mkono wangu," alisema Amiri. "Mama ameficha panga. Na mimi nikiwa yeye ningeficha."

Ingekuwa kitabu cha misheni, hapa mwanamke angemkumbatia. Mwanabibi alicheka mpaka machozi yakatiririka kwenye masizi ya mashavu. Alisema tangu azaliwe amesikia watu wakiogopa simba, wakiogopa kodi, wakiogopa wakwe, lakini mtu anayekwenda huku na huko akiogopa kitu kilichoshikamana na bega lake ni yeye wa kwanza. Alipomaliza kucheka alipangusa uso, akamtazama toka juu mpaka chini kama mtu anayetazama mbuzi wa kununua.

Tusimsingizie wema. Mwanabibi alikuwa na vyungu vya kupeleka gulioni, Nachingwea siku moja na Ruangwa siku nyingine, na mwanawe aliyekuwa akimbebea ameoa na kuhama. Aliona mabega. Akasema radhi ya jino ni kubeba vyungu mpaka siku ya arobaini, na akibeba vizuri watani watarudi kwenye hiyo arobaini. Amiri alisema ataleta mzegazega wake, mti wa kubebea begani, kesho.

"Mzegazega wa nini? Utabeba kichwani, kwa kata ya majani ya mgomba. Kama nilivyobeba mimi."

"Wanaobeba hivyo ni wanawake."

"Kweli," alisema Mwanabibi. "Na wanaong'olewa meno pia ni wanawake. Njoo kabla jua halijachoma."

*

Njia nzima ya Nachingwea watu walisimama kumtazama mwanamume mwenye ndevu zinazoanza akitembea na vyungu kichwani, shingo imenyooka kama mwali. Mwanabibi alikuja nyuma yake mikono mitupu, akifanya kazi yake ya utani. Alikohoa kama Chinguile. Alimtangaza kwa kila waliyekutana naye kwamba huyu ni mke wake mpya, mahari ameyalipa kwa jino. Aliwaambia wanawake kisimani kwamba ukoo huu wanaume wao hufa wakingali wanasubiri tingatinga liwake.

Walipofika kwenye mteremko wa mto, Amiri aliweka mzigo chini. Alichagua chungu kizuri kuliko vyote, akakipigiza jiweni.

Mwanabibi alitazama vigae. Hakupiga kelele, kwa hiyo kijana aliogopa zaidi.

"Ulitaka kuniambia nini?" alimwuliza.

"Sikutaka kusema kitu."

"Mungu alikupa mdomo wa kulia ugali tu? Mimi mtani wako. Nikikutukana, na wewe nitukane. Ndivyo ilivyo. Baba yako alinitukana miaka yote mpaka nilikuwa nikienda kwenu kwa hamu. Wewe unanyamaza, unanyamaza, halafu unapiga. Nani alikufundisha utani, ng'ombe?"

Hilo ndilo kosa ambalo wote waliojaribu kumponya hawakulitaja, kwa kuwa hawakuliona kuwa kosa. Watoto wa pale hufundishwa kumheshimu mjomba, kumheshimu mwalimu, kumheshimu dresa na soksi zake, na Amiri alikuwa mwanafunzi hodari wa kunyamaza. Mdomo wake ulipewa na kila mtu kazi ya kufumba. Mkono ndio uliobaki bila amri.

Safari iliyofuata alijaribu, akashindwa, tusi likamkwama kooni, vyungu vikatikisika. Nyingine alitukana kwa ghadhabu, tusi la kweli, Mwanabibi akamwambia lile halina chumvi, lirudie kesho. Akalirudia usiku kucha kitandani, akilipunguza na kuliongeza. Na siku ya gulio la Ruangwa, mwanamke alipoanza tena kukohoa nyuma yake, Amiri alisema bila kugeuka, maana mwenye vyungu kichwani hageuki, "Kohoa taratibu, mtani. Kwa mlango uliouacha wazi hapo mbele, mapafu yatatoka yaende gulioni peke yake."

Mwanabibi alikaa chini njiani. Alicheka akipiga mapaja, wapita njia wakamdhania ameumwa na nyoka. Na Amiri, aliyesimama juani amebeba kazi ya wanawake, alihisi kile kitu cha chini ya kifua kikipanda kama kawaida yake, kikafika kooni, kikatoka kikiwa maneno. Kilibaki kidogo. Kila siku kilibaki kidogo.

Kuna siku hakikutoka kwa njia hiyo. Walikuwa wakirudi, vyungu vimekwisha kuuzwa, alipouliza ghafla, "Kwa nini mama alicheka?"

"Kwa sababu mumewe alikuwa mchekeshaji."

"Baba hakuwa mchekeshaji."

"Kwako hakuwa. Kwako alikuwa baba," alisema Mwanabibi. "Yule uliyemzika wewe, mama yako hakumjua. Na aliyekuwa akimlilia yeye, wewe hukumjua. Ulitaka kumpiga mama yako kwa hilo, ukanipata mimi."

Amiri alilia mpaka Naipingo. Mwanabibi hakumfariji. Alitangulia mbele, akiimba kwa sauti mbaya, ili watu wamtazame yeye.

*

Siku ya arobaini watani walikuja na majembe yao na ndoo zao, wakauteka ua kwa fujo yao yote. Mjomba Bashiri naye alifika kwa baiskeli, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Baada ya dua, masinia yakisubiri, alisafisha koo.

Alisema amesikia habari za mpwa wake. Amesikia anabeba vyungu kama mwanamwali, kicheko cha Nachingwea na Ruangwa, na jina lake yeye Bashiri linatajwa humo. Hivyo si kupoa, ni kuharibika. Kesho asubuhi wataondoka naye kwenda Kilimarondo.

Amiri aliinuka. Watu waliokaa karibu naye walisogea. Hajira alishika kanga ya mama yake.

"Mjomba," alisema, "nina hasira na wewe. Nakuambia kwa mdomo ili ujue. Ulinichapa bila kuniuliza kitu. Na shamba lako la Kilimarondo halina mlinzi tangu mlinzi wako akimbie tembo mwaka jana. Hutafuti dawa yangu. Unatafuta mtu."

Hayo kila aliyekaa pale alikuwa akiyajua, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuyasema. Bashiri alisahau kusafisha koo. Alivuka mkeka akampiga kijana kofi, kisha, kwa kuwa la kwanza halikuleta kitu, akampiga la pili.

Mikono ya Amiri ilijikunja. Wote waliiona. Alikuwa kijana wa kubeba vyungu kutoka Naipingo mpaka Ruangwa, na mjomba alikuwa tumbo na kanzu.

"Umenipiga, mjomba," alisema. "Na bado ni kweli."

Bashiri aliinua mkono tena. Aliyeushika hakuwa Amiri. Ni Zaina, aliyekuwa amefika katikati bila mtu kumwona akiinuka.

"Kaka, mwanangu haendi."

"Mimi ndiye mjomba wake."

"Ndiye. Kama shamba linataka mtu wa tembo, peleka wa kwako uliyemzaa."

Watani walipiga vigelegele, maana watoto wa Bashiri nao walikuwa na mjomba wao, na mjomba yule hakuwa mtu wa kutoa mpwa wake aliwe na nguruwe kwa faida ya shemeji. Bashiri alitazama wazee. Wazee walitazama masinia. Mmoja wao akasema wali unapoa, na kwa wazee wale hiyo ilikuwa hukumu kamili. Bashiri akasema basi, amenawa mikono, asitafutwe tena kwa lolote. Akanawa kweli, maji yalikuwa pale, akakaa akala.

Amiri alikuwa nyuma ya nyumba ameegemea ukuta, anatapika. Hajira alikuja akasimama hatua chache kutoka kwake, akamchunguza.

"Hasira zimekwisha?"

"Bado."

"Zitakwisha lini?"

"Sijui." Alipangusa mdomo. "Zipo. Zimekaa tu."

Hajira alilifikiria jambo hilo. Kisha akaja akaegemea ukuta kando yake, bega lake likamgusa, akaanza kumweleza nani amechukua nyama gani. Mjomba alikuwa amechukua mapaja mawili. Amiri alihisi zile zilizokaa zikisimama tena, akamwambia dada yake zimesimama.

"Basi tumtukane," alisema Hajira. "Polepole, asisikie."